Cherehani Iliyohama Alfajiri

Kwi.

Nikafumbua macho gizani. Kwi, mara ya pili, halafu kimya.

Anayeishi chumba kimoja huzijua sauti zake zote: bati likijinyoosha, panya akipita nyuma ya ndoo, mtoto akisaga meno usingizini. Hii haikuwa mojawapo. Hii ilikuwa pedeli ya cherehani yangu, upande wa kushoto, ambako mafuta hayakai hata ukiyabembeleza. Na pedeli hailii mpaka iguswe.

Kabla sijainuka kitandani, niwape habari wale ambao wiki jana hawakunisikia. Kiwanda alichofanyia kazi mume wangu kilifungwa. Akakaa nyumbani akitazama dari mpaka nadhani dari yenyewe ikamchoka. Kisha akasema anakwenda mji mwingine kutafuta kibarua, akafunga begi, na tangu hapo simu yake haipatikani. Nimebaki na binti yetu, ambaye watu wamempa jina la Chiriku kwa sababu siri ikiingia sikioni mwake humuwasha ulimi mpaka aitoe. Na nimebaki na cherehani ninayoshonea sare za shule. Niliinunua kwa fundi mzee kabla hajahamia kwa watoto wake, wapi sijui. Mume wangu aliibeba mpaka nyumbani, na mkanda wa cherehani ulipokatika alikata mkanda wa suruali yake akauunga pale, yeye akawa anafunga suruali kwa kamba. Niliyaona yale nikasema, huyu ananipenda.

Basi. Mengine mtayaona wenyewe. Turudi gizani.

Niliwasha taa ya simu. Mlango ulikuwa wazi. Kona ya cherehani ilikuwa tupu, na sakafuni vilibaki vishimo vinne vya miguu yake.

Nikajifunga shuka, nikatoka. Hatua chache kutoka kizingitini nikamkuta shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, amekumbatia kichwa cha cherehani kifuani kama mtu anayetoka kubatiza mtoto. Mbele yake, karibu na kona ya ukuta, mtu mwingine aliyevaa koti lenye kofia alikuwa anaondoka na meza ya chuma ya cherehani begani. Meza ile ndiyo yenye pedeli. Ndiyo iliyolia.

"Shemeji," nikasema, "unaniibia?"

"Shemeji, neno gani hilo alfajiri yote hii. Naazima."

"Anayeazima hugonga mlango."

"Ningegonga ningemwamsha mtoto. Mimi nina huruma."

Huyo ndiye shemeji yangu. Mwizi mwenye huruma.

"Ufunguo umeupata wapi?"

"Mumeo aliniachia. Mwanamume akisafiri, nyumba yake huiacha mikononi mwa kaka yake."

"Mimi hakuniambia."

"Hakukwambia mengi."

"Na yule pale ni nani?"

"Hamali," akasema haraka. "Hamali tu. Wewe, twende, mbona umesimama?"

Hamali hakuwa amesimama. Alikata kona bila kugeuka. Ndani Chiriku aliita kwa sauti ya usingizi, "Mama, baba amekuja?"

"Hapana, mama. Lala. Umeota."

Shemeji yangu huyu mtaani anaitwa Mwenyekiti. Kikundi chetu cha wafanyabiashara wadogo kilianzishwa na wanawake: mimi na sare zangu, bibi wa kuku, muuza mkaa, na dada anayesuka nywele barazani kwake. Baadaye akaja fundi magodoro, mtu wa watu. Halafu akaja yeye. Hauzi, hashoni, hafugi. Kila mmoja wetu ana kazi ya mikono, yeye ana kazi ya mdomo. Alihudhuria semina moja ya ujasiriamali, akarudi na kofia na mfuko wa nguo wenye maandishi, na tangu siku hiyo hawezi kuomba maji ya kunywa bila kutaja kukua kwa uchumi.

Mwalimu wetu wa masomo ya jioni hutuambia kwamba uchumi wa nchi ni mwili, na biashara ndogo ndiyo damu yake. Mimi humwamini. Hata nikiwa nimechoka, macho yanajifunga, humwamini. Kitu ambacho hajatufundisha bado ni kwamba damu hiyo ina kupe, na kupe huyo huvaa shati la mikono mirefu na kuchomeka kalamu mbili mfukoni.

"Wageni wa mradi wanakuja leo," Mwenyekiti akaniambia, na sauti yake ikawa ya mkutanoni. "Soko jipya limekwisha. Kikundi kitakachoonyesha ukuaji kitapewa chumba. Chumba, shemeji. Chenye mlango na umeme."

Nilikuwa nakijua chumba hicho. Nilishachungulia dirishani mwake mara nyingi kuliko anavyoweza kufikiri. Sakafu ya saruji, dirisha linalotazama barabara, na ukuta mrefu ambao ungebeba vitambaa vyangu vyote. Muuguzi wa zahanati alikuwa ameniambia wazi, mkono wake bado uko kifuani mwa Chiriku: "Hiki kikohozi ni vumbi la vitambaa. Nguo zitoke mahali mtoto anapolala, au mtoto atoke." Sasa nizitoe nizipeleke wapi? Kila usiku nazifunika, na kila asubuhi mwanangu anakohoa kama mzee wa machimboni.

"Sasa cherehani yangu inakwenda wapi kukua?"

"Kwa wifi yako."

Wifi yangu ni dada yao, mtoto wa katikati. Mwaka jana alinifuata kikundini akiwa na kucha mpya.

"Wifi hajui hata kutunga uzi kwenye sindano."

"Ndiyo maana tunamwazima. Mwaka jana aliwaambia ana cherehani moja. Mwaka huu ni lazima ziwe tatu. Ukuaji, shemeji. Wakimaliza kwake watapewa soda. Wakiwa wanakunywa soda, cherehani inapita njia ya nyuma, inarudi kwako. Wewe ni wa mwisho. Wakifika wanakukuta unashona. Kila mtu ataonekana amekua."

"Kwa cherehani moja."

"Seminani walituambia tutumie rasilimali zilizopo."

Ningepaswa kupiga kelele, majirani waamke. Lakini nilikiona kile chumba, nikamwona Chiriku amekaa chini ya lile dirisha, kifua kimetulia. Nikashusha sauti.

"Uirudishe kabla hawajafika kwangu."

"Naapa."

"Usiape. Rudisha."

Kulipopambazuka nilifagia, nikapanga sare zilizokatwa, kola upande mmoja, mifuko upande mwingine. Ile kona tupu nilitandika mkeka, kama vile pengo la jino linavyofunikwa kwa mkono.

Bibi wa kuku alichungulia juu ya ukuta unaotutenganisha.

"Mbona leo hushoni? Nimezoea kelele zako."

"Cherehani imekwenda kukua kwa wifi."

"Kwa wifi yako? Kule hata kucha hazikui, anazibandika." Akatema mate pembeni. "Na kuku wangu wamechukuliwa, na majogoo wao. Wako kwa fundi magodoro. Jana alikuwa hawezi kufuga hata paka, leo ni mfugaji mkubwa. Halafu watapelekwa kwa muuza mkaa. Kuna mmoja anachechemea. Yule akihesabiwa kila nyumba, nchi hii itakuwa na kuku vilema kuliko wazima."

Nilicheka mpaka nikakaa chini.

"Cheka," akasema. "Lakini nguo ya kuazima haisitiri, mwanangu. Mwisho wake umalizie mwenyewe, kuna mtoto hapa."

"Nini haisitiri, bibi?" Chiriku akauliza.

"Muulize Mwenyekiti," akajibu bibi, akatoweka nyuma ya ukuta.

Nilikuwa bado nacheka gari liliposimama mlangoni.

Mlangoni kwangu. Si kwa wifi.

Lori la mchanga lilikuwa limekwama katikati ya barabara ya kwenda kwa wifi, na dereva wa wageni, kwa akili zake timamu, akaamua kuanzia upande huu. Mipango yote ya Mwenyekiti, vikao vyote, njia ya nyuma na soda, vikaangushwa na lori la mchanga.

Alishuka mama mmoja mwenye viatu vyeupe. Viatu vyeupe kwenye mtaa wetu ni ishara ya mtu asiyefua mwenyewe. Nyuma yake mpiga picha wake, mwanamume mnene aliyebeba kamera na mfuko wa vibati. Wote walimwita Madamu, na mimi nikamwita Madamu. Kisha Mwenyekiti, amefika mbio kwa miguu, shati limemganda mgongoni.

"Tumeanzia mwisho, Madamu," akasema akihema. "Huyu ni wa mwisho."

"Hakuna mwisho wala mwanzo, sote ni sawa," Madamu akasema, akaingia, akakaa kwenye kiti changu pekee. "Haya, mama. Ulianza na nini?"

"Sindano na uzi. Nilikuwa nashona kwa mkono."

"Na sasa una nini?"

"Cherehani."

"Vizuri. Iko wapi?"

Mpiga picha akainua kamera akaielekeza kwenye mkeka. Nikamtazama Mwenyekiti. Mwenyekiti akatazama dari. Ni ugonjwa wa ukoo wao.

Hapo nilikuwa na maneno mawili ulimini. La kwanza lilikuwa kweli, na lingekiua chumba papo hapo, kwa sababu kikundi cha waongo hakipewi mlango wala umeme. La pili lilikuwa uongo, na nilikuwa bado naliunda. Mwenyekiti akanipunguzia kazi.

"Madamu, hapa kuna kosa dogo. Huyu si mwenye biashara. Huyu ni msaidizi wa dada yangu. Anakata nyuzi, anabandika vifungo. Cherehani ziko kule kiwandani."

"Oh," akasema Madamu, na uso wake ukalainika namna ambayo ningependa zaidi kupigwa kofi. "Kwa hiyo wewe ni ajira."

Nimekuwa binti, nimekuwa mke, nimekuwa mama, nimekuwa mwanafunzi wa jioni anayelala juu ya dawati. Siku hiyo nikawa ajira.

"Mpige picha," Madamu akamwambia mwenzake. "Na mtoto. Mtoto ajitokeze vizuri. Ajira moja, tayari. Haya, mama, twende wote kwa bosi wako."

Mwenyekiti alinipita karibu akaninong'oneza, "Vumilia. Chumba ni chetu sote."

"Chetu sote," nikamjibu, "kama cherehani yangu."

Tulikwenda kwa miguu, tukalizunguka lile lori. Chiriku nilimshika mkono, akawa anaruka madimbwi na kuuliza kwa sauti kubwa bosi ni nini. Mwenyekiti akamjibu kuwa bosi ni mtu anayefanya kazi kwa bidii kuliko wote. Mpiga picha alikohoa. Nadhani alikuwa anacheka.

Wifi alitupokea mlangoni, futi ya fundi imening'inia shingoni, lebo ya bei bado iko kwenye ncha yake.

"Karibuni kiwandani."

Kiwanda kilikuwa sebule yake. Makochi yamesukumwa ukutani, bado yana nailoni za dukani. Katikati zilipangwa cherehani tatu. Ya kwanza haikuwa na sindano wala gurudumu, kutu imeipaka rangi moja. Ya tatu ilikuwa imefunikwa kitambaa cha maua, na mimi niliyeshona vitambaa maisha yangu yote nikaona mara moja kwamba kilichokuwa chini yake ni meza ya kahawa na sufuria iliyofudikizwa. Ya katikati ilikuwa yangu. Ilikuwa imepanguswa. Ilionekana ina haya, kama mtoto aliyevalishwa nguo za jirani apigwe picha.

Nyuma yake, pazia la chumba cha ndani. Kwenye stuli, kikombe cha chai kilichokuwa bado kinatoa mvuke. Wifi akakiondoa haraka.

"Mwaka jana moja, mwaka huu tatu," Madamu akasema. Hakugusa chochote. Hakufunua chochote. Ningemheshimu angenyanyua kile kitambaa cha maua, hata kwa kidole kimoja. "Ukuaji huu umeufanyaje, dada?"

"Kujituma," akasema wifi.

"Na nidhamu," akaongeza Mwenyekiti.

"Na Mungu," akasema wifi.

Wakamwingiza Mungu pale pamoja na sufuria.

"Hebu tushonee kidogo," Madamu akasema. "Tunataka video ya mikono ikifanya kazi."

Wifi akamtazama kaka yake. Kaka yake akatazama, mmeshajua, dari. Basi wifi akakaa. Akaweka kipande cha kitambaa, akaweka miguu yote miwili juu ya pedeli, akakanyaga kama anayeua mende.

Cherehani ya miguu ina adabu yake. Unalivuta gurudumu kwako kwa mkono kwanza, ndipo miguu ifuate. Ukikanyaga tu bila salamu, linarudi nyuma, na uzi unajisokota chini kama matumbo. Likarudi nyuma. Uzi ukajisokota. Kwi, kwi, ikalia pedeli yangu, na mimi kila kwi iliniingia kwenye mbavu.

"Leo imeamka vibaya," wifi akasema, jasho puani. "Mashine hizi zina hasira kama wanaume." Kisha akanigeukia, na nikaona jinsi akili inavyokuja kwa mtu aliyebanwa. "Wewe msaidizi, hebu kaa hapa. Mikono yangu imechoka na oda za jana."

Nikakaa kwenye cherehani yangu kwa ruhusa ya wifi yangu.

Nilikata ule uzi uliojisokota, nikaangalia mkanda. Hapo nikashangaa. Mkanda ule ukitolewa wakati wa kubeba, kuurudisha ni shughuli. Una kikulabu kinachotakiwa kulala kwa ndani, la sivyo kinakwaruza gurudumu. Aliyeurudisha alikuwa amekilaza kwa ndani, sawasawa. Mwenyekiti hajui kufunga hata kamba za viatu vyake. Wifi ndio hivyo mmemwona. Labda ni hamali, nikasema moyoni. Hamali mwenye mikono ya akili.

Nilishona kola moja. Nilishona polepole ili mwanangu aone. Nikaigeuza, nikachokonoa ncha zake kwa kijiti zikasimama kali, nikapiga mshono wa juu, nikakata uzi kwa meno. Niliposhika kola ile mkononi nilisahau nipo wapi. Kazi nzuri ina tabia hiyo, inakusahaulisha washenzi.

Madamu akapiga makofi.

"Umemfundisha vizuri, dada."

"Nimehangaika naye," wifi akasema, akaniwekea mkono begani. "Alikuja hapa hajui hata kushika sindano."

Nikaumeza uongo ule. Nilimeza kwa ajili ya sakafu ya saruji na dirisha la barabarani. Nilijiambia, chumba kikishapatikana, cherehani itaingia humo na mimi nitaingia nayo, na wifi atachoka baada ya wiki moja, maana hajawahi kutochoka. Mimi ni mtu wa matumaini. Ni kasoro yangu.

Madamu akasimama.

"Nimeridhika. Hiki ndicho tunachokitafuta. Mtu mmoja amekua, na ameinua mwingine. Chumba cha sokoni kitakuwa cha kiwanda hiki, kwa jina la dada huyu. Na ili mali isitapanywe, cherehani hizi zitabandikwa vibati vya mradi leo hii. Zikishabandikwa, hazihamishwi kwenda nyumba nyingine wala kwa mtu mwingine. Tutakuwa tunapita kukagua."

Mpiga picha akafungua mfuko wake, akatoa kibati cha kwanza na bisibisi.

Mwenyekiti alitabasamu. Si tabasamu la mshangao. Lilikuwa la mtu aliyesikia wimbo anaoujua. Ndipo nikaelewa. Njia ya nyuma haikuwahi kuwepo. Soda zilikuwepo, nilishaziona mezani, lakini njia ya nyuma haikuwepo.

Bisibisi ilipogusa chuma nikaweka mkono juu yake.

"Cherehani hii ni yangu."

Mpiga picha akasimama. Wifi akacheka kidogo, kicheko cha puani.

"Wivu huo, Madamu. Ukimpa mtu kazi anataka na kiti chako."

"Ni yangu," nikasema tena. "Ilichukuliwa ndani mwangu alfajiri, mimi nimelala. Ile nyingine haina sindano. Na ile ya maua ni sufuria."

Hakuna aliyetazama sufuria. Madamu alinitazama mimi, uso umekunjamana kama aliyekuta unywele kwenye chakula.

"Mwenyekiti, hii ni nini?"

"Ni mambo ya familia, Madamu, naomba radhi." Akashika kifua. "Ukweli ni kwamba cherehani aliinunua mdogo wangu, mume wa huyu. Alipoondoka nyumbani akamwachia dada yake. Huyu hajakubali. Tunamvumilia."

"Mume wake ameondoka?"

"Wanaume huondoka, Madamu, wake zao wakizidi kusoma. Huyu anasoma jioni."

Ningeweza kumtupia mkasi. Ulikuwa karibu.

"Aliibeba," nikasema. "Aliyenunua ni mimi. Nilishona vifungo vya watu kwa mkono mpaka vidole vikawa na sugu ndipo nikaipata. Yeye aliibeba, na akaifunga mkanda. Anajua."

"Nani mwingine anajua? Aliyekuuzia yuko wapi?"

"Alihama."

"Majirani?"

"Majirani wanasikia nikishona. Siku ya kununua hawakuwepo."

"Basi ni mume wako peke yake."

"Ni yeye peke yake."

"Na yuko wapi?"

Hilo ndilo swali ninalolala nalo. "Safarini," nikasema.

"Hata sisi hatujui aliko," Mwenyekiti akasema kwa huzuni ya kupendeza. "Mama yetu halali."

"Laiti angekuwepo," wifi akadakia, akapangusa jicho ambalo halikuwa na kitu. "Angesema mwenyewe kwa mdomo wake, na mimi ningeinama kwa lolote atakalosema."

Madamu alitazama viatu vyake, vilivyokuwa vimeingia tope, na nadhani tope lile lilimchosha kuliko mimi.

"Sikiliza, mama. Mimi sikuja kuamua kesi za ukoo. Angekuwepo mumeo hapa, neno lake lingenitosha, hata kama lingeharibu kila kitu. Hayupo. Siwezi kusimamisha mradi kwa ajili ya mtu ambaye hayupo." Akamgeukia mpiga picha. "Bandika."

Bisibisi ikaanza kuzunguka. Inatoa sauti nyembamba, bisibisi, kwenye chuma cha zamani.

Nikanyoosha mkono nimshike mwanangu tuondoke, maana machozi yalikuwa yanakuja na sikutaka wayapige picha. Mkono wangu ukashika hewa.

"Chiriku?"

Hakuwa nyuma yangu. Hakuwa kwenye kochi. Lile pazia la chumba cha ndani lilikuwa linacheza, na hakukuwa na upepo.

"Mtoto asiingie huko, kuna fujo," wifi akasema, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi nikaona uso wake bila maigizo. Alikwenda haraka kuelekea pazia. Mwenyekiti naye alikwenda. Waligongana.

Chiriku akatokea chini ya pazia, kati ya miguu yao. Mkononi alishika kipande cha mkate kilichopakwa siagi, kimeng'atwa mara mbili, ng'ato moja kubwa na moja ndogo. Alikuja mpaka kwangu, akasimama mbele ya Madamu na kamera na bisibisi, amebana midomo kwa nguvu zake zote, mashavu yamejaa.

"Mwanangu, mkate umeupata wapi?"

Akatikisa kichwa. Akamtazama shangazi yake. Akanitazama mimi. Nikaona ulimi unamuwasha.

"Mama," akasema, "baba amesema nisiseme kwamba yuko humu ndani."